Mpira wa Injini

Novemba, Kemi. Saa tisa alasiri na giza limeshakaa kitako.
Opeli yetu ina wiki sita ikitetemeka
kila inaposimama penye taa nyekundu.
Sarafu kwenye kisanduku cha mlango hupiga soga,
kioo cha pembeni huyaona malori mawili mawili,
na nikitia gia ya nyuma, kitu huko ndani hupiga, du!
kama mtu aliyebamiza mlango akaondoka zake.

Fundi wa karibu na stesheni aliinamisha kichwa, akasikiliza:
"Mpira wa injini umekwisha. Yuro mia tano na tisini."
Nikamshukuru. Nikaagiza mpira wenyewe, yuro arobaini na nne,
ukaja kwa posta, boksi dogo, zito kuliko sura yake.
Ukaguzi wa gari ni Alhamisi.
Ilkka yuko mgodini mpaka Ijumaa.

Basi wa kunishikia tochi ni mavyaa wangu, Helvi,
miaka sabini na minane, ishirini na tisa kati ya hiyo
juu ya kreni ya kiwanda cha karatasi,
akishusha marobota ya tani tatu
kwenye alama ya chaki isiyozidi kiganja.
Siku hizi kikombe chake tunakijaza nusu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nimelala kabisa, chali, juu ya boksi la friji,
baridi ya saruji ikinipanda mgongoni pingili kwa pingili.
Jeki chini ya sampu, kipande cha msonobari kati yao,
maana chuma kwa chuma hutoboana.
Nabonyeza, nabonyeza. Injini inapanda sentimita moja,
inakubali kubebwa.

"Mulika kushoto."
Mwanga unakuja kushoto, unapita, unarudi,
unatambaa juu ya bomba, juu ya waya, juu ya uso wangu,
nondo ndani ya chupa.
Bolti naiona vipande vipande.
Tuliza, nataka kusema. Nalimeza neno.
Lina ladha ya kutu.

Ya kwanza inatoka. Ya pili inagoma.
Napulizia mafuta, nasubiri, natukana chinichini;
Helvi anatukana waziwazi, kwa lugha ya kiwandani.
Spana inateleza, vifundo viwili vya vidole vinachubuka.
"Usishindane nayo. Urefushe mkono."
Navika kwenye mpini bomba lililobaki
kwenye bembea ya watoto.
Kak.

Mpira wa zamani huu hapa: umechanika katikati,
midomo miwili mikavu, inamwaga unga mweusi.
Miaka kumi na minne baina ya injini na bodi
ukimeza kila mtikisiko
ili sisi tubishane kuhusu redio kwa sauti ya kawaida.
Hatukujua hata kama upo.

Mpya umekaa, lakini matundu hayakutani.
Napandisha, yanapishana. Nashusha, yanapishana.
Ndipo Helvi anapoilaza tochi juu ya betri,
mwanga unatulia tuli,
naye anashika ukingo wa gari kwa mikono yote miwili,
anachungulia.
"Pandisha. Tena. Umezidisha.
Shusha, unywele.
Unywele, nimesema, si kamba.
Simama."
Bolti ikaingia kwa vidole, laini,
bila hata kuguswa na spana.

Nikawasha. Sarafu kimya.
Kioo kikaonyesha nyumba ya jirani, moja tu, na ngazi yake.
Helvi akaweka kiganja juu ya boneti,
akakiacha hapo, kikicheza peke yake juu ya bati lililotulia,
akakitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyechelewa kuaga.
"Afadhali mmoja wetu amepona," akasema,
akacheka mpaka akakohoa.

Kisha: "Kahawa. Na leo kijaze."
Nikakijaza mpaka ukingoni.
Kikamwagika kidogo, pale kilipopaswa kumwagika,
juu ya risiti ya yuro arobaini na nne.